Ishara na Mpangilio katika Picha ya Soweto ya 1976

Picha isiyo ya rangi aliyoipiga Sam Nzima huko Soweto tarehe 16 Juni 1976 imefananishwa mara nyingi na sanamu ya Michelangelo ya Bikira Maria aliyempakata Yesu. Makala haya yanadai kuwa ulinganisho huo una msingi, lakini haujitoshelezi.

Msingi wake ni umbo. Mwili uliolegea wa Hector Pieterson, mikononi mwa Mbuyisa Makhubo, unakingama dhidi ya wima wa mbebaji na wa Antoinette, dada wa marehemu, anayekimbia kando yao. Ukosefu wa rangi unaliachia jicho nuru na kivuli tu.

Hata hivyo, sanamu ile imetulia: mama ameketi, msiba umekwisha kutimia. Katika picha hii watu wanakimbia, tena wanamjia mtazamaji. Kiganja cha Antoinette kilichokunjuka kinaomboleza na papo hapo kinakataa. Sare yake ya shule nayo hairuhusu tafsiri isiyo na historia, kwani wanafunzi waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana.

Kwa hiyo, tukiisoma picha hii kama msiba mtakatifu pekee, tunayageuza mauaji kuwa kafara, na muuaji, ambaye hayumo ndani ya fremu, anasahaulika. Mpangilio wenyewe unalikataa jambo hilo. Anayekimbia hukimbia kitu. Ni wajibu wa mhakiki kukitaja.