Mchezaji Akivunjika Mguu: Nani Hulipwa, Nani Huajiriwa?



Katika vyama vyetu habari ya mtu aliyeumia kazini haiishi. Mwenzetu akikatwa vidole na mashine, damu haijakauka msimamizi amekwisha kwenda getini kuchagua mmoja kati ya wale wanaongoja kibarua. Nafasi imezibwa, kazi inaendelea, na aliyeumia anabaki kuhangaika na karatasi za fidia. Safari hii tunataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyopangwa katika kazi ya namna nyingine kabisa, yaani kazi ya kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara huko Marekani, katika ligi iitwayo NBA.

Tunajua wapo watakaosema kwamba wale ni mamilionea na mambo yao hayatuhusu. Fedha zao kweli si zetu. Lakini ni watu walioajiriwa. Wana chama chao tangu 1954, wana mkataba wa pamoja na waajiri wao, na mkataba huo una vifungu kuhusu majeruhi ambavyo mjumbe yeyote wa tawi angefaidika kuvijua. Tena mmoja wa watu waliopata kazi kwa njia hiyo ni mtoto wa Lubumbashi, nasi tutamfikia.

Hapana budi tuanze na kikomo cha mishahara, maana bila hicho mengine hayaeleweki. Mwaka 1983 wenye timu walidai kwamba baadhi ya timu zilikuwa karibu kufilisika. Chama cha wachezaji kikakubali kwamba jumla ya mishahara ya kila timu iwekewe kikomo, nacho kikapata ahadi kwamba wachezaji watapewa asilimia 53 ya mapato. Kikomo kilianza kutumika msimu wa 1984-85, na kilikuwa dola milioni 3.6 kwa timu nzima. Msimu wa 2025-26 kilikuwa kimefika dola milioni 154.6. Kimepanda hivyo kwa sababu kimefungwa kwenye mapato: fedha za televisheni zikiongezeka, nacho hupanda.

Kikomo hiki si ukuta usio na mlango. Tangu mwanzo yaliwekwa maruhusa ya kukivuka. Inayojulikana zaidi huitwa kwa jina la Larry Bird, mchezaji wa Boston wa miaka ile, nayo humruhusu mwenye timu kumbakiza mchezaji wake mwenyewe hata kama mshahara wake utavusha hesabu juu ya kikomo. Kwa hiyo timu nyingi hukaa juu ya kikomo mwaka mzima. Timu iliyo juu hivyo haiwezi kuajiri mtu mpya inavyotaka. Inaweza kumpa mshahara wa kima cha chini, au itumie ruhusa mojawapo iliyoandikwa kwenye mkataba.

Sasa mtu anaumia. Mkataba wa kazi wa mchezaji unasema kwamba aliyeumia katika mchezo au mazoezi ya timu yake ataendelea kulipwa mpaka apone au msimu uishe, na mikataba mingi ya wachezaji wakubwa humlinda miaka inayofuata pia. Mwajiri hawezi kufuta mshahara huo. Hawezi pia kuuondoa kwenye hesabu ya kikomo. Basi timu inajikuta ina mshahara mkubwa wa mtu aliyelala hospitalini, haina mtu uwanjani, na haina nafasi ya kuajiri mwingine. Ruhusa ya majeruhi iliandikwa kwa ajili ya shida hiyo. Yafaa tulitie jambo hili maanani: kama mwenye timu angeweza kumfukuza aliyevunjika mguu, kama inavyotendeka kwenye mageti tunayoyajua, hangehitaji ruhusa ya mtu yeyote. Ruhusa ipo kwa sababu mshahara wa majeruhi umekwisha kulindwa.

Tuchukue mfano mmoja, maana hesabu bila mfano huchosha. Tarehe 17 Oktoba 2017 Gordon Hayward aliichezea Boston mchezo wake wa kwanza, mjini Cleveland. Hazijapita dakika 10 aliruka, akatua vibaya, mfupa wa muundi ukavunjika na kifundo cha mguu kikateguka. Mshahara wake wa msimu ule ulikuwa dola milioni 29.7. Boston iliomba ruhusa, ikapewa. Ruhusa hiyo ni nusu ya mshahara wa aliyeumia, lakini isizidi kiasi kingine kilichowekwa na mkataba kwa timu zote, ambacho tutakiita kiwango cha kati. Nusu ya mshahara wa Hayward ilikuwa karibu dola milioni 14.9. Kiwango cha kati mwaka ule kilikuwa milioni 8.4. Kwa hiyo Boston ikapewa milioni 8.4 tu. Februari 2018 ilitumia dola milioni 5 kati ya hizo kumwajiri Greg Monroe, ambaye alikuwa ameachwa na timu ya Phoenix siku chache kabla. Hayward hakucheza tena msimu ule, na mshahara wake haukukatwa kwa sababu Monroe ameingia.

Wengine watauliza kwa nini nusu. Kama ingekuwa mshahara mzima, timu tajiri ingepata nyota wawili kwa nafasi ya mmoja, na wale wenzake waliobaki bila fedha wangelalamika. Kama isingekuwepo kabisa, wachezaji waliobaki wangebeba kazi ya mwenzao mgongoni mwao kwa mshahara uleule, nao wangechoka na kuumia. Nusu ni mahali ambapo pande mbili zilikutana mezani. Hatuoni kwamba ina hekima nyingine zaidi ya hiyo, na mikataba mingi ya pamoja ina tarakimu za namna hii.

Masharti yake ni mengi, na baadhi yake yamewekwa kwa akili sana. Timu huomba kabla ya tarehe 15 Januari, na ikipewa lazima iitumie kabla ya tarehe 10 Machi. Huajiri mtu mmoja tu kwa ruhusa hiyo, na kwa msimu ule tu. Hilo la msimu mmoja tunalipenda, kwa kuwa aliyeumia anajua kwamba mwaka ujao hatamkuta mgeni aliyepewa miaka minne mahali pake. Timu yaweza pia kuitumia kubadilishana mchezaji na timu nyingine, mradi mchezaji huyo awe katika msimu wa mwisho wa mkataba wake. Ruhusa haiongezi nafasi kwenye orodha ya wachezaji 15, wala haimwondolei mwenye timu kodi ya ziada anayotozwa akitumia fedha kupita kiasi.

Nani husema kwamba mtu ameumia kweli? Hapa ndipo wajumbe wetu wengi wameshindwa na waajiri, wakati daktari wa kampuni ndiye mwandishi wa cheti. Kule daktari wa timu hatoshi. Daktari aliyeteuliwa na ligi hupima na kuamua kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba mchezaji hataweza kucheza mpaka tarehe 15 Juni. Na kama daktari alikosea, mchezaji akapona mapema? Anarudi uwanjani, na yule aliyeajiriwa badala yake anabaki na mkataba wake. Timu ikiwa haijaitumia ruhusa, ndipo ruhusa hufutika. Kupona kwa mmoja hakumfukuzi mwingine kazini.

Ulinzi huu una mpaka wake. Mkataba unamkataza mchezaji mambo fulani ya hatari nje ya kazi, pikipiki ikiwa mojawapo. Juni 2003 Jay Williams wa Chicago, kijana aliyekuwa amemaliza msimu mmoja tu, alianguka na pikipiki akaumia vibaya mno. Timu haikuwa na wajibu wa kumlipa. Mwaka 2004 ilimwacha, ikampa dola milioni 3, na hakucheza tena mchezo hata mmoja katika ligi ile.

Fedha za mbadala hutoka wapi?

Jambo hili halielezwi mara nyingi, nasi twaona ndilo zito kuliko yote. Siku hizi wachezaji wote kwa pamoja wana haki ya karibu nusu ya mapato ya ligi. Ili kuhakikisha hawapati zaidi, asilimia 10 ya kila mshahara huzuiwa na kuwekwa kando. Mwisho wa mwaka hesabu hufanywa. Mishahara ikiwa imepita ile nusu, waajiri huchukua kiasi kilichozidi kutoka katika akiba hiyo, na kilichobaki hurudishwa kwa wachezaji.

Sasa fikirini. Mshahara wa Monroe ulikuja juu ya mshahara wa Hayward. Boston ilimlipa, ni kweli. Lakini katika mwaka ambao jumla ya mishahara imepita fungu la wachezaji, kila mshahara wa ziada unakula akiba ya wachezaji wote, pamoja na wale wa timu nyingine ambao hawakumwona hata siku moja. Kwa maneno mengine, gharama ya ajali hailali juu ya aliyeumia, wala hailali juu ya mwajiri peke yake. Imegawanywa kati ya wafanyakazi wote, kidogo kidogo. Mtu anaweza kuuita mpango huo mshikamano. Mwingine atasema waajiri wamepata njia ya kuwafanya wafanyakazi walipie majeruhi wao wenyewe. Sisi tunaona yote mawili yana ukweli, na chama kitakachokubali mpango wa fungu la mapato lazima kijue tangu mwanzo kwamba jambo hili limo ndani yake.

Kuna aina nyingine ya majeruhi, yule ambaye hatacheza tena kabisa. Chris Bosh wa Miami aligundulika damu yake inaganda, na mchezo wake wa mwisho ulikuwa Februari 2016. Yeye mwenyewe alitaka kurudi, madaktari wa timu wakakataa. Katika hali kama hiyo mkataba unaruhusu timu iombe mshahara uondolewe kwenye hesabu ya kikomo, baada ya muda kupita na daktari asiyekuwa wa timu kukubali. Mwaka 2017 timu, ligi na chama walifikia mapatano, jina la Bosh likaondolewa katika hesabu ya Miami. Alikuwa bado anadai zaidi ya dola milioni 50, na alilipwa. Kuondolewa kwenye kikomo si kuondolewa kwenye orodha ya malipo, na tofauti hiyo ndiyo chama kilichoisimamia.

Vibarua wa siku 10

Tusije tukafikiri kwamba wote wanaoziba mapengo hupata kama alivyopata Monroe. Timu ikiwa na majeruhi au wagonjwa wasiopungua wanne, kila mmoja akiwa amekwisha kukosa michezo mitatu na ikitazamiwa atakosa majuma mawili zaidi, inaweza kuruhusiwa kuajiri mtu wa 16 juu ya orodha. Huyo huajiriwa kwa siku 10, kwa kima cha chini. Siku 10 zikiisha, na wagonjwa wamepona, anafunga mizigo yake.

Desemba 2021, Covid ilipozuia wachezaji wengi mno kwa wakati mmoja, ligi na chama walikubaliana kwamba kila aliyekutwa na ugonjwa apatiwe mbadala, na mishahara ya mbadala hao isihesabiwe kwenye kikomo. Milango ikafunguka. Msimu ule wachezaji zaidi ya 600 waliingia uwanjani, idadi ambayo ligi ilikuwa haijapata kuiona.

Mmoja wao alikuwa Bismack Biyombo, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1992. Hakuwa mgeni. Mwaka 2016 alikuwa ametia sahihi na Orlando mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72. Lakini mwaka 2021 alikaa nje ya mchezo, baba yake akiugua na kufariki. Tarehe 1 Januari 2022 timu ya Phoenix, ambayo wachezaji wake kadhaa warefu walikuwa wamezuiwa na Covid, ilimchukua kwa siku 10. Malipo ya siku hizo kwa mtu wa miaka yake ya kazi yalikuwa karibu dola 150,000. Kabla siku 10 hazijaisha alikuwa amekwisha pewa mkataba wa kumaliza msimu, na mshahara wake wa msimu ule, dola milioni 1.3, aliutoa kujenga hospitali nyumbani Kongo kwa kumbukumbu ya baba yake.

Kazi ya kuziba pengo haikumwacha. Oktoba 2023 timu ya Memphis ilipata habari kwamba Steven Adams, mtu wake wa katikati, hatacheza msimu mzima kwa sababu ya goti. Novemba ikamwajiri Biyombo. Januari 2024, ilipotaka nafasi yake kwa ajili ya kijana mwingine, ikamwacha. Februari akaingia Oklahoma City. Februari 2025 alikuwa San Antonio, mkataba wa siku 10.