Je, Wajua? Mkaja wa Maumbile

Katika milima ya Usambara, na hasa pale Mlalo, ambako nyumba zimeshikilia ubavu wa mlima na mahindi ya mtu huota juu ya paa la jirani yake, hakuna safari, hata iwe fupi namna gani, iwezayo kufanywa pasipo kupanda au kuteremka; na madhali wanawake ndio aghalabu watekao maji, waokotao kuni na wachukuao kabichi na viazi kwenda gulioni, mgeni hustaajabu akiambiwa kwamba mama mja mzito wa huko naye anahitaji mazoezi ya tumbo. Atauliza: mazoezi gani tena, na mchana kutwa yumo kazini? Swali ni la haki, na jawabu lake limo ndani ya kiwiliwili chenyewe.

Kifua kina mbavu za kukilinda, na nyonga zina mifupa yake mipana. Baina ya viwili hivyo hamna mfupa ila uti wa mgongo, na kazi yote iliyobaki imeachiwa misuli. Misuli hiyo ni ya tabaka nne. Mbele kuna miwili iliyonyooka sambamba, kutoka kidarini na mbavuni hadi kinenani, ikiunganishwa katikati na utepe mweupe wa kano. Ubavuni kuna tabaka mbili za mshazari, nyuzi za moja zikipishana na za nyingine. Na chini ya zote umelala msuli mwembamba uliokingama, ambao nyuzi zake huanzia mgongoni na ubavuni, zikazunguka tumbo hadi mbele. Watu wakitaja misuli ya tumbo hufikiri ile miwili ya mbele, kwa kuwa ndiyo vijana wanyanyuao vyuma huipigia picha. Lakini kwa mja mzito wenye daraja ya juu ni huu wa ndani usioonekana. Wanawake wa pwani, tangu dahari, wakijifungua hufungwa mkaja, kitambaa kirefu kibanacho tumbo katika siku za arobaini. Basi msuli huu ni mkaja wa maumbile, nao hufungwa na kulegezwa kwa pumzi. Mtu akitoa pumzi polepole mpaka ikamwishia, msuli hujikaza. Akivuta pumzi, hulegea. Mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson, wa Australia, walionyesha kwamba mtu mzima wa afya anapotaka kunyanyua mkono, msuli huu hutangulia kukaza kabla mkono haujaondoka, ili mgongo usije ukayumba. Na kwa wenye maradhi ya mgongo walikuta unachelewa.

Sasa fikiri, msomaji, yanayoipata misuli hiyo yote wakati wa himila. Uzito wa mama huongezeka kiasi cha kilo kumi hivi au zaidi, na sehemu kubwa ya uzito huo hukaa mbele, hata akalazimika kurudisha mabega nyuma na kubonyeza kiuno asije akaanguka kifudifudi. Maumbile hayakulisahau jambo hili: wataalamu wa Marekani waliandika mwaka 2007 kwamba katika kiuno cha mwanamke mbonyeo hubebwa na pingili tatu zenye umbo la kabari, na kwa mwanamume pingili mbili tu, tofauti ambayo yaonekana hata katika mifupa ya kale ya jamii ya binadamu. Fauka ya hayo, homoni za ujauzito hulainisha kano, na ule utepe mweupe wa katikati hunyooka na kutanuka, misuli miwili ya mbele ikatengana. Katika uchunguzi uliofanywa Ureno na kutangazwa mwaka 2015, wanawake 84 wenye mimba ya kwanza walipimwa, na katika juma la 35 hapakuwa hata mmoja ambaye misuli yake haikutengana. Miezi sita baada ya kuzaa, asilimia 39 bado walikuwa hivyo. Kutengana huko, basi, si ugonjwa wala si aibu. Litakiwalo ni kutokuongeza madhara, na dalili ya madhara ni rahisi kuitambua: mama anapojiinua kitandani kwa ghafula, katikati ya tumbo huchomoza tuta, kutoka kitovuni kwenda juu. Akiliona, na aiache harakati ile. Ageuke ubavu kwanza, kisha ajisukume kwa mikono.

Hapa ndipo tunaporudi kwa yule mgeni na swali lake. Kazi si mazoezi, ijapokuwa vyote viwili hutoa jasho. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Kenya na wenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu waliweza kuchukua mzigo wa hadi khumusi ya uzito wao pasipo kutumia nguvu zaidi ya mtu atembeaye mikono mitupu. Ni sifa kubwa, nasi tuna haki ya kujivunia. Lakini kilichopimwa ni nguvu itumikayo, si tumbo wala sakafu ya nyonga, yaani misuli iliyotandaa chini ya nyonga, na mzigo wa kuni uteremkao Mlalo haujui khumusi. Mtazame mama aupandishapo kichwani: hupiga goti, huziba pumzi, hukaza shingo, kisha husimama kwa mshindo mmoja. Katika kuziba pumzi huko msukumo wote wa ndani huuelemea ule utepe uliokwisha kulegea, na huielemea sakafu ya nyonga chini yake.

Zoezi lifaalo ni la upole hata mtu aweza kulidharau. Mama hupiga magoti juu ya mkeka, akaweka viganja chini ya mabega, mgongo umenyooka. Huvuta pumzi akaliacha tumbo lishuke. Kisha huitoa polepole huku akikivuta kitovu kuelekea uti wa mgongo, kana kwamba anamkumbatia mtoto kwa tumbo, na kadhalika akiikaza sakafu ya nyonga kama azuiaye haja ndogo. Hukaa hivyo kwa hesabu ya tano, asizibe pumzi, akalegeza. Mara nane au kumi zatosha. Magoti yakimuuma, asimame na kuegemea ukuta. Kulala chali na kuinuka mara kwa mara, kama wafanyavyo askari, hasha. Na baada ya mwezi wa tano hata kulala chali kwa muda mrefu si kwema, kwa maana mji wa mimba hukandamiza mshipa mkubwa urudishao damu moyoni, mama akaona kizunguzungu. Ama kutembea, Shirika la Afya Duniani lapendekeza dakika 150 za harakati za wastani kila juma kwa mja mzito asiye na kizuizi cha kitabibu, na hizo njia za Mlalo humpatia bila ya kuzitafuta. Kipimo cha wastani ni mazungumzo: akiweza kusema na mwenziwe kilimani, mwendo ni mzuri, akishindwa kumaliza sentensi, na apumzike.

Wako wasiopaswa kujaribu pasipo idhini ya mkunga au tabibu: mwenye kondo la nyuma lililokaa mlangoni, mwenye dalili za kifafa cha mimba, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na aliyeambiwa kwamba mlango wa kizazi ni dhaifu. Na yeyote aonaye damu, maji yanayovuja, maumivu ya kifua, uchungu wa kujirudia au mtoto kupungua kucheza, aache papo hapo na aende zahanati siku hiyo hiyo. Nanyi waume wa Mlalo, mkisikia mke amepewa zoezi hili kliniki, msimcheke akiwa magotini juu ya mkeka; nendeni mkachukue kuni.