Breki za motokari ndogo ya zamani

Mji wa Lubumbashi ulianza kujengwa mwaka 1910. Wabelgiji waliuita Elisabethville, na mwaka 1966 ulipewa jina la mto wake, Lubumbashi. Katika miaka ya 1950 na 1960 motokari ndogo za Ulaya zilionekana katika barabara zake. Mojawapo ilijulikana upesi kwa umbo lake la mviringo. Ni Volkswagen, ambayo kwa Kifaransa huitwa Coccinelle, jina la mdudu mdogo mwenye madoa mgongoni. Mashine yake iko nyuma, na mizigo huwekwa mbele. Mashine hiyo haipozwi na maji, bali na upepo. Motokari za namna hiyo zilitengenezwa zaidi ya milioni 21, na ya mwisho ilitoka kiwandani huko Mexico mwaka 2003.

Watu wengi huipenda motokari hiyo mpaka leo. Lakini barabara zimebadilika. Malori makubwa yenye shaba na kobalti hutoka Kolwezi, hupita Likasi na Lubumbashi, kisha huelekea mpaka wa Kasumbalesa. Pikipiki na mabasi madogo hujaa mjini. Watoto huvuka barabara asubuhi na jioni. Basi, mtu mwenye Coccinelle akitaka kuitengeneza, asianze na rangi, wala asianze na mashine yenye nguvu zaidi. Aanze na breki, ambazo mafundi wengi wa Lubumbashi huziita kwa Kifaransa, frein. Motokari isiyoondoka humchelewesha mtu tu. Motokari isiyosimama humwua.

1. Breki hufanya nini?

Sugua viganja vyako viwili kwa nguvu. Mara utasikia joto. Breki hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Motokari inayokwenda ina nguvu ya mwendo. Dereva akikanyaga pedali, kitu kigumu hukandamizwa juu ya chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Vitu hivyo husuguana, na nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto. Joto hilo lazima liende hewani. Likikaa ndani ya breki, breki hupungua nguvu. Kwa hiyo breki nzuri hushika vizuri, na tena hupoa upesi.

2. Nguvu ya mguu hufikaje kwenye gurudumu?

Tazama kinga, yaani baisikeli. Breki za kinga nyingi huvutwa kwa waya. Coccinelle za kwanza zilikuwa hivyo hivyo: waya zilitoka upande wa pedali mpaka kwenye magurudumu manne. Lakini waya hulegea, nao haulegei sawasawa na mwenzake. Gurudumu moja hushika sana, jingine kidogo, na motokari huvutwa upande mmoja.

Mwaka 1950 kiwanda kilianza kutia breki za mafuta katika Coccinelle bora zilizouzwa nchi za nje. Zile za bei nafuu ziliendelea na waya mpaka mwaka 1962.

Breki za mafuta hufuata kanuni iliyoelezwa na Blaise Pascal, mtaalamu Mfaransa aliyeishi tangu 1623 hata 1662. Kanuni ni hii: ukiyasukuma majimaji yaliyofungwa ndani ya chombo, msukumo huenea sawasawa pande zote. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa mabomba mawili mapya ya sindano, bila sindano zake, yaliyounganishwa kwa mpira mwembamba na kujazwa maji. Ukisukuma bomba moja, la pili hujisukuma lenyewe. Sasa acha hewa kidogo iingie ndani. Ukisukuma tena, la pili huchelewa, kwa maana hewa hubanwa kwanza. Maji hayabanwi hivyo. Kwa sababu hiyo hewa ni adui wa breki.

Katika motokari, pedali husukuma pistoni ndani ya silinda kuu. Mafuta ya breki hupita katika mabomba membamba, nayo husukuma pistoni ndogo katika kila gurudumu. Hivyo magurudumu yote hupata msukumo wakati mmoja.

3. Ngoma na sahani

Coccinelle nyingi zina breki za ngoma. Ngoma ni chuma cha mviringo kinachozunguka na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vyenye bitana ngumu. Dereva akikanyaga pedali, viatu hupanuka na kugusa ngoma kwa ndani.

Breki hizo hutosha kwa mwendo wa pole. Lakini ngoma imefunika joto. Dereva akifunga breki mara nyingi, ngoma hupata moto na kupanuka, ikajitenga na viatu. Pedali hushuka chini zaidi, na nguvu hupungua. Tena wakati wa masika, maji ya dimbwi yakiingia ndani ya ngoma, viatu huteleza. Dereva mwenye akili, akiisha kuvuka dimbwi, hukanyaga pedali polepole mara kadhaa ili joto likaushe maji.

Breki ya sahani ni tofauti. Sahani ya chuma huzunguka wazi pamoja na gurudumu. Vipande viwili vigumu huibana pande zote mbili, kama vidole viwili vinavyobana karatasi. Upepo huipoza, na maji hutupwa nje kwa mzunguko wake. Motokari ya Jaguar yenye breki za sahani ilishinda mashindano ya Le Mans, Ufaransa, mwaka 1953. Mwaka 1966 kiwanda cha Volkswagen kilianza kuuza huko Ulaya Coccinelle 1500, yenye sahani mbele na ngoma nyuma.

Kwa nini sahani huwekwa mbele? Motokari ikifunga breki, uzito wake hulala mbele, kama vile abiria wanavyoinama mbele basi linaposimama ghafula. Magurudumu ya mbele hukandamizwa chini, nayo hufanya kazi kubwa zaidi. Magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Kama breki za nyuma zina nguvu kupita za mbele, magurudumu ya nyuma hukwama na kuteleza, na motokari huzunguka barabarani. Kwa hiyo kuzidisha nguvu tu si kutengeneza. Lazima mbele na nyuma zipatane.

4. Kazi ya fundi

Fundi hodari hutengeneza kwa utaratibu.

Kwanza hutazama mwaka wa motokari. Vyuma vya mbele vya Coccinelle vilibadilishwa mwaka 1965, na magurudumu ya zamani yana bolti tano, mengine ya baadaye yana nne. Kifaa cha mwaka mmoja huenda kisiingie katika motokari ya mwaka mwingine. Fundi halazimishi kwa nyundo.

Pili huchunguza mabomba ya chuma na ya mpira. Lenye kutu au nyufa huondolewa. Kuweka sahani mpya na kuacha bomba bovu ni kama kutia kufuli kwenye mlango uliooza.

Tatu huweka silinda kuu yenye njia mbili. Silinda za zamani zilikuwa na njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likipasuka, breki za magurudumu yote manne zilipotea pamoja, ikabaki breki ya mkono. Tangu mwaka 1967 kiwanda kilitia silinda yenye njia mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Njia moja ikiharibika, nyingine husimamisha motokari, ingawa kwa nafasi ndefu zaidi. Silinda hiyo lazima ifae kwa sahani na ngoma pamoja. Ile ya ngoma tupu huacha msukumo kidogo ndani ya mabomba. Msukumo huo ungefanya vipande viendelee kugusa sahani na kuipasha moto bure.

Nne hufunga sahani mbele, na kutia viatu vipya katika ngoma za nyuma. Hubadili vya kulia na vya kushoto pamoja, ili motokari isivutwe upande mmoja.

Tano hutia mafuta mapya ya breki na kutoa hewa yote, akianza na gurudumu lililo mbali kabisa na silinda kuu. Hatii mafuta ya mashine, kwa maana hayo huvimbisha mipira ya silinda na kuiharibu. Mafuta ya breki hunywa maji ya hewani polepole. Yenye maji huchemka upesi, nayo yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Kwa sababu hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi.

Mwisho hupima kazi yake. Hukanyaga pedali na kuishikilia. Ikishuka polepole, pana mahali panapovuja. Ikiwa kama sifongo, hewa imebaki ndani. Ikiwa imara, fundi huendesha polepole mahali pasipo na watu, akafunga breki mara nyingi kabla ya kuingia barabarani.

5. Hatari za karakana

Bitana za breki za zamani nyingi zilikuwa na asbesto. Vumbi lake likiingia kifuani huharibu mapafu, na ugonjwa huweza kuonekana baada ya miaka mingi. Fundi asipulize vumbi la ngoma kwa mdomo wala kwa upepo wa mashine. Alilowanishe, na kulifuta kwa kitambaa chenye maji. Watoto wasichezee ngoma kuukuu.

Mafuta ya breki nayo ni sumu. Yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto mwenye kiu hasomi maandishi.

6. Mwendo na nafasi

Motokari yenye breki bora haisimami mahali pale pale dereva anapoona hatari. Kwanza akili yake huamuru mguu, na hiyo huchukua kama sekunde moja. Motokari yenye mwendo wa kilometa 40 kwa saa hupita metra 11 katika sekunde hiyo. Kisha breki huhitaji karibu metra 10 kwenye lami kavu. Jumla ni metra 21.

Sasa mwendo uwe kilometa 80 kwa saa. Sekunde ya kwanza hula metra 22. Je, breki zitahitaji metra 20? Sivyo. Mwendo ukizidi mara mbili, nafasi ya breki huzidi mara nne. Zitahitaji karibu metra 40, na jumla ni metra 62. Juu ya lami yenye maji au udongo wenye changarawe nafasi huwa ndefu zaidi, kwa maana mwishoni ni mpira wa gurudumu unaoshika ardhi. Mpira uliolika huzishinda breki mpya.

Basi breki zilizotengenezwa vema haziwapi dereva ruhusa ya kukimbia. Humpa metra chache, na katika metra hizo chache mtu hupona. Naye mtoto anayevuka barabara asitegemee breki za mtu mwingine. Asimame kando. Katika Kongo motokari hupita mkono wa kuume. Kwa hiyo atazame kwanza kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena. Asivuke kwa sababu dereva amemwona. Avuke magurudumu yakiisha kusimama.

Maswali

1. Nguvu ya mwendo hugeuka kuwa nini wakati wa kufunga breki?
2. Kwa nini hewa ni adui wa breki za mafuta?
3. Silinda yenye njia mbili ina faida gani?
4. Kwa nini breki za mbele na za nyuma lazima zipatane?
5. Motokari yenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa huhitaji metra ngapi ili isimame? Pima nafasi hiyo kwa hatua katika uwanja wa shule.