KUNUNUA CHOMBO CHA MOTO: PATANA KWANZA, LIPA BAADAYE

Leo tunaweka kando palizi na ubwiri unga. Tutazungumza juu ya kununua chombo cha moto: pikipiki, guta la matairi matatu, pawatila, pikapu au trekta.

Pengine mtu atauliza, Bwana Shamba na maduka ya magari wapi na wapi? Jibu ni kwamba fedha inayonunua chombo hicho imetoka shambani. Ufuta hutupa fedha katikati ya mwaka, korosho hutupa kuanzia mwezi wa kumi na kuendelea. Baada ya mnada na malipo ya chama cha ushirika, mkulima huwa na fedha mkononi kwa majuma machache tu. Kijasho cha mwaka mzima kinaweza kuingia dukani asubuhi na kwisha kabla ya adhuhuri. Na muuzaji anaijua kalenda hiyo kama unavyoijua wewe.

Neno kubwa la leo ni hili: mapatano ya kununua chombo si ya bei peke yake. Chombo hununuliwa siku moja, lakini hutumika miaka mingi. Kwa hiyo unapopatana, patana pia juu ya spea, fundi na dhamana.

Nchi yetu ina somo la zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Wenye mpango walikuwa na haraka. Walinunua matrekta na matingatinga yaliyobaki baada ya vita, mengine yamekwisha kuchoka. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Huko Kongwa, kazi ilikoanzia, mashine nyingi ziliharibika mapema. Spea zilikuwa shida, mafundi hawakutosha, na madereva wengi walikuwa bado wanajifunza. Zilikuwapo sababu nyingine pia, kama ardhi ngumu na mvua haba. Mpango uliachwa mwaka 1951, na hasara ilipita pauni milioni 30. Ikiwa serikali yenye wataalamu ilipata hasara hiyo, mkulima mwenye ekari sita ana kila sababu ya kwenda polepole.

Sasa tuzifuate hatua moja moja.

KWANZA, IJUE KAZI YAKO. Kabla hujatoka nyumbani, andika kazi unayotaka ifanywe. Ni kubeba magunia ya korosho kutoka shambani hadi ghalani? Ni kulima? Pawatila, kwa mfano, ni mashine iliyozoeleka sana katika mashamba ya mpunga ya Asia. Bondeni kwenye udongo laini inafanya kazi nzuri, na ikifungwa tela inavuta mizigo. Lakini ukiipeleka kwenye ardhi kavu iliyoshikana, itahangaika na wewe utahangaika nayo. Kama unataka trekta, uliza bei ya jembe lake na tela lake palepale. Trekta bila jembe haijakulimia hata tuta moja.

Kwa mashine za kilimo, muulize muuzaji kama aina hiyo imepimwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo kilichoko Arusha, kilichoundwa mwaka 1981. Kupima mashine ni moja ya kazi za kituo hicho. Muuzaji akikuambia imepimwa, mwombe akuonyeshe karatasi.

PILI, ULIZA SPEA KABLA YA BEI. Nanganga ni njia panda. Njia moja yaenda Masasi, nyingine yaenda Ruangwa na Nachingwea, nyingine yashuka Mingoyo hadi Lindi na Mtwara. Basi jiulize: mkanda ukikatika wakati wa mvua, nitaupata katika mji gani kati ya hiyo? Nani ataufunga? Pitia kwenye maduka ya spea na kwa mafundi kabla hujafika kwa muuzaji wa chombo. Aina ambayo fundi wa karibu anaifahamu, na spea zake zinauzwa karibu, mara nyingi inakufaa kuliko aina mpya inayong'aa ambayo haijaonekana kijijini.

Kikundi kimoja cha wakulima kilileta chuoni kwetu pawatila iliyolala. Walitusimulia habari zao. Walipofika kwa muuzaji mjini, waliachwa wamesimama nusu saa, kwa kuwa walivaa kandambili. Mtunza hazina alipotaja kiasi cha fedha walichobeba, viti vikaja, soda zikaja, kila mtu akaitwa mzee. Walipatana bei, wakapunguziwa shilingi laki mbili, wakarudi kijijini kwa vigelegele. Hakuna aliyeuliza habari za spea. Mvua za kwanza za mwezi wa kumi na mbili zilipoanguka, gia ikavunjika. Muuzaji akawajibu, "Spea hatuna, labda mwezi ujao." Mvua haikungoja mwezi ujao. Walirudi kwenye jembe la mkono, wakachelewa kupanda. Waliokoa laki mbili, wakapoteza msimu.

Ndugu zangu, soda si kibaya, na heshima ni haki ya kila mnunuzi hata akiwa peku. Lakini tusipimwe kwa kandambili, na sisi tusimpime muuzaji kwa soda. Mpime kwa jinsi anavyojibu maswali. Muuzaji mwema atakuonyesha ghala la spea na karakana yake. Kuna jingine: akina mama wengi wanamiliki mikorosho na fedha ni zao, lakini wakifika dukani muuzaji huzungumza na mwanamume aliyewasindikiza. Mama, mwambie waziwazi kwamba mnunuzi ni wewe.

TATU, KAGUA. Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nenda na fundi wako mwenyewe, si fundi wa dalali. Injini iwashwe mbele yako ikiwa ya baridi. Ukikuta imekwisha pashwa moto, uliza kwa nini. Kuna injini zinazowaka vizuri zikiwa za moto tu. Tazama moshi. Moshi wa rangi ya buluu maana yake oili inaungua ndani. Moshi mweusi unaoendelea ni dalili ya mafuta yasiyoungua vizuri, pengine chujio la hewa ni chafu. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona oili imekuwa kama maziwa, maji yameingia, achana na chombo hicho. Kisha kiendeshwe, breki zijaribiwe, gia zote ziingizwe. Kama ni cha mizigo, kijaribiwe na mzigo.

NNE, PATANA. Usiende peke yako. Watu watatu wanatosha: mmoja aseme, mmoja aandike, mmoja akague. Pitieni kwa wauzaji wawili au watatu. Usitaje fedha yote uliyo nayo, na usioneshe kwamba moyo umekwisha kwenda. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Mzee, bei ya mwisho ni hiyo, siwezi kushusha tena."

"Sawa, kijana wangu. Bei nimeisikia. Sasa niambie, kwa bei hiyo unaniongezea nini?"

Hapo ndipo mlango unapofunguka. Muuzaji aliyekataa kushusha bei anaweza kukubali kutoa mikanda miwili na machujio, kufanya huduma ya kwanza bure, kukufikishia chombo Nanganga kwa gharama yake, au kumfundisha dereva wako siku mbili. Vitu hivyo vina thamani ya fedha. Vijumlishe. Na kama hamkuelewana, aga kwa heshima uondoke. Mara nyingi utaitwa kabla hujafika barabarani. Usipoitwa, fedha yako bado iko mfukoni.

Kama unaweza kungoja, usiende majuma yaleyale ambayo wilaya nzima imelipwa korosho. Wanunuzi wakiwa foleni, muuzaji hana sababu ya kupunguza.

TANO, HESABU MKOPO. Tuchukue mfano. Chombo kinauzwa shilingi 3,000,000 taslimu. Muuzaji anasema, toa kianzio 1,000,000, halafu 250,000 kila mwezi kwa miezi 12. Inasikika nyepesi. Lakini 250,000 mara 12 ni 3,000,000. Ongeza kianzio, jumla 4,000,000. Umekopeshwa milioni mbili, na umezilipia milioni moja zaidi. Tena mkulima hapati mshahara kila mwezi. Omba malipo yafuate mazao, sehemu baada ya ufuta, sehemu baada ya korosho. Uliza pia, nikichelewa mwezi mmoja itakuwaje? Je, chombo kitachukuliwa? Jibu liandikwe.

SITA, KARATASI. Mali bila daftari huisha bila habari. Kila ahadi iliyotolewa kwa mdomo iandikwe na kutiwa sahihi: dhamana ni ya muda gani, inahusu sehemu zipi, na nani atalipa usafiri chombo kikiharibika. Dai risiti ya mashine yenye bei kamili uliyolipa. Linganisha namba ya injini na namba ya chesisi na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Kama chombo kimetumika, jina kwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Thibitisheni kadi hiyo katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato, na umiliki uhamishwe kwa jina lako mapema. Kama ni mali ya kikundi, jina la kikundi liandikwe, lisiandikwe la mwenyekiti.

Je, baada ya yote hayo mambo yakiharibika? Peleka malalamiko kwa muuzaji kwa maandishi, ubaki na nakala. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mnunuzi dhidi ya udanganyifu wa wauzaji, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Mahakama nazo zipo. Lakini kote huko utaulizwa swali moja: karatasi ziko wapi? Ndiyo maana tunasema ziandikwe siku ya kununua, wakati muuzaji bado anaitaka fedha yako.

Ndugu wakulima, fedha ikiwa mfukoni mwako, wewe ndiye mwenye sauti. Ikishaingia kwenye droo ya muuzaji, sauti yako ni zile karatasi tu. Jioni ya leo kaeni pamoja nyumbani au katika kikundi, mwandike mambo mawili: kazi tunayotaka ifanywe, na mji tutakaopata spea. Mkishayaandika hayo, ndipo muulize bei.