Kirejeshi katika Insha za Vijana wa Eastlands

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekulia Kaloleni au Buruburu huandika katika insha yake "mtu mwenye alikuja" badala ya "mtu aliyekuja". Msahihishaji hupiga mstari mwekundu na kuandika pembeni "Sheng". Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Muundo huo una kanuni zake: "watu wenye walikuja", "kitabu yenye nilinunua", kazi ya kiambishi rejeshi imechukuliwa na neno kamili. Tangu 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima katika mfumo wa 8-4-4, shule zimesisitiza insha ya methali, tamathali zikikaririwa kwa ajili ya mtihani. Chuoni, afadhali mwanafunzi apewe sentensi zake mwenyewe, azigeuze moja moja, aeleze kilichobadilika.