Manemane na Miti ya Jamii Yake

Katika uwanda wa juu wa nchi ya kati, yaani pande za Dodoma na Singida, mvua ni chache. Hunyesha toka Desemba hata Aprili, kisha jua huwaka miezi mingi. Huko huota miti mifupi, mingine yenye miiba, ambayo gome lake hubanduka kama karatasi. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote, hata mgeni hudhani imekufa. Kumbe i hai. Miti hiyo ni ya jamii ya manemane, na mmojawapo huitwa mbambara. Tawi lake likikatwa na kuchomekwa ardhini huchipuka upesi. Kwa hiyo watu huipanda kuwa ua wa boma.

Gome likikatwa, au likitobolewa na wadudu, hutoka utomvu wenye harufu nzuri. Utomvu huo huganda ukawa matone magumu, mfano wa machozi. Kazi yake ni kuziba jeraha la mti, ili wadudu na uozo wasiingie.

Wanadamu waliuiga mti. Toka zamani watu wa nchi kavu za Afrika wameupaka utomvu huo juu ya vidonda, tena wameuchoma nyumbani ili moshi wake ufukuze wadudu. Manemane yenyewe hutoka hasa Somalia, Ethiopia na Arabuni. Wamisri wa kale waliitumia katika kuhifadhi maiti, na Injili yasimulia jinsi mamajusi walivyoileta pamoja na dhahabu na uvumba.

Je, dawa hii yafaa kweli? Mwaka 1996 wataalamu wa Italia walionyesha kwa panya kwamba vitu vilivyomo katika manemane hupunguza maumivu. Tena imeonekana kwamba huzuia vijidudu kadhaa visikue. Walakini si kila mti wa jamii hiyo una nguvu ile ile, wala utomvu uliobanduliwa gomeni si safi kama dawa ya hospitali. Mtu aliyechomwa na msumari, au mwenye kidonda kilichovimba na kutoa usaha, na aende hospitali upesi. Maana pepopunda huua, wala utomvu hauizuii.

Mchumaji naye na awe na kiasi. Akichanja kidogo, mti hupona. Akilichuna gome pande zote, mti hufa, kwa kuwa chakula kiendacho mizizini hupita gomeni.