Mkoba wenye mdomo

Nilikwenda Kisauni, Mombasa, kuandika habari za posho. Nikarudi nikiwaza chai.

Mhamasishaji wa afya ya jamii niliyefuatana naye alibisha hodi nyumba sita kwa mfululizo kichochoroni. Mwenye shida alikuwa mmoja tu. Kwingineko alimpima presha aliyetaka kupimwa, akalalamikia bei ya nazi, akanywa chai ya tangawizi, akaaga. Nilidhani anapoteza asubuhi yake.

Tulipopinda kona akanifungulia siri. “Mwanangu, mkoba huu una mdomo. Nikiingia kwa mmoja tu, kabla sijatoka barazani washamaliza: yule ana kifua kikuu, yule ameanza zile dawa. Basi naingia kwa wote. Nikiingia kwa wote, sijaingia kwa mtu.”

Kazi hiyo ina ufundi wake. Nyumba ya mgonjwa haiwi ya kwanza wala ya mwisho. Hairudii siku ile ile ya wiki. Hakai humo kuliko kwa jirani, hata kama mazungumzo hayajesha. Yaliyobaki yatangoja kesho. Vidonge huhesabiwa jikoni, sufuria ikifunuliwa kana kwamba anaonjeshwa mchuzi. Akitoka hucheka kwa sauti mlangoni, kichochoro kisikie.

Tangu Septemba 2023, Kenya imewapa mikoba kama huo wahamasishaji wapatao 100,000, kila mmoja akiangalia kaya zipatazo mia. Mna mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani, kipimajoto, pamoja na simu ya kuingizia taarifa. Waliojitolea kwa miaka mingi wakaahidiwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka Serikali ya Kitaifa, nusu kutoka kaunti.

Mkoba ulimletea heshima, anasema, na ukamletea macho. Alipokuwa akipita na leso yake na daftari, alikuwa jirani aliyekuja kujulia hali. Sasa watoto humwita daktari, na kila mlango anaoufungua una mashahidi.

Nyumba moja ameshainywea chai mara tatu mwezi huu, na wenyewe ni wazima kama chuma. Simu itazihesabu ziara hizo. Zilikuwa pazia la nani, haiulizi. Je, mpango ukizidi kupanuka, pazia hilo litahesabiwa kuwa kazi, au uvivu?

Kuna jingine, alilolisema akitazama pembeni. Ililetwa posa kwa dada yake, kutoka nyumba ambayo yeye anaijua kwa mkoba. Wazee wakamgeukia: wewe huingia kwao, kijana yule tumpe?

“Siri ya mtungi aijuaye ni kata,” akasema. “Lakini kata haijawahi kuulizwa mbele ya wazee.”

Nikamuuliza aliwajibu nini. Akafunga zipu ya mkoba, akabisha hodi nyumba ya saba.